Gramu Mia na Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la mizani za watu. Kurasa za mwanzo zinasema duka gani, imekosea gramu ngapi, imerekebishwa lini. Kuanzia leo linapima fundi.

Kilo 109.5. Hiyo ni kwa mizani yangu ya nyumbani, ambayo haithubutu kunidanganya. Kwa mizani ya hospitali ni 108. Yao inapunguza kilo moja na nusu. Niliisikia springi ikilegea mara tu nilipoikanyaga. Nikanyamaza. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikisema bila kuulizwa, na sijapata rafiki hata mmoja kwa njia hiyo.

Daktari wa mifupa amesema goti la kulia limekwisha na atanibadilishia, ila wenzake wa dawa za usingizi hawataki kunigusa nikiwa na uzito huu. Nikifika 96 tarehe 9 Juni, nitapasuliwa mwezi huohuo. Nisipofika, jina linarudi mwisho wa foleni, na foleni ni ya miezi saba.

Wakanipeleka kwa binti wa lishe. Alinipa kifaa cha kupima nguvu nikibane kwa mkono, kikasoma 34. Figo zangu zimepimwa, ni nzima. Akaniambia mtu akipungua bila kula vya kujenga mwili, kinachotoka ni misuli, na mafuta yanabaki yamekaa kama wageni. Akaandika kwenye karatasi: 96 mara 1.2, gramu 115 za protini kwa siku. Samaki, nyama, mayai, maharage, maziwa. Nikamuuliza kwa nini anazidisha kwa 96 wakati mimi ni 109.5. Akasema, "Hatulishi mafuta, baba. Tunamlisha yule mtu unayetaka kuwa." Wapo wanaopanda hadi 1.6, akasema, lakini tuanzie hapo.

Akauliza kama nina swali. Nikamwambia, binti yangu, kupima ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeleta nyumbani ile mizani ndogo ya masonara, inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Nimeiweka mezani jikoni, pale lilipokuwa debe la unga la mke wangu. Yai bila ganda 50.0. Nyama 65.0. Jumla 115.0. Mboga bila kipimo, wali vijiko vinne.

Kula kumenichukua dakika sita. Kuosha sahani moja, nusu dakika.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu aliondoka tarehe mosi kwenda kwa binti yetu aliyejifungua. Alisema wiki tatu. Binti anakaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na mumewe anafanya kazi ya safari. Walipolipanga nilisema, mbona juu hivyo? Binti akajibu kwamba juu kuna hewa. Hakuna aliyeniuliza goti langu linavuta hewa gani.

Leo nilikwenda. Sikuwaambia. Nilibeba shuka la mtoto. Ngazi ni sitini na nane. Nilizihesabu zamani, nilipokuwa bado mtu. Nilipanda kumi na saba, nikafika ghorofa ya kwanza, nikakaa juu ya ndoo ya mtu iliyopinduliwa. Goti lilikuwa linapiga kama moyo. Juu nilisikia mtoto analia, halafu mke wangu akimwimbia. Sijui ni wimbo gani. Mimi hajaniimbia.

Nikateremka. Jioni akapiga simu, akauliza mbona siji kumwona mjukuu. Nikasema kazi zimenibana.

Shuka liko juu ya kabati.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. 107.6. Yai, nyama.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Wiki tatu zinatimia keshokutwa. Amepiga kusema mtoto ana tumbo la kujinyonganyonga, ataongeza kidogo. Kidogo ni kipimo gani? Nimetengeneza mizani za kila aina na sijakutana na jiwe la kupimia lililoandikwa "kidogo".

Anamwita mtoto mume wake. "Mume wangu mpya hataki nilale," anasema na kucheka. Nikamwambia amsalimie mume mwenzangu. Ilikuwa utani. Nilipokata simu haikuwa utani sana.

Kuhusu hospitali sijamwambia. Nataka siku moja wafungue mlango wa ghorofa ya nne wanikute nimesimama, goti jipya, sina hata jasho.

Jumatatu, 31 Machi

104.3. Suruali nimeikunja mkanda mara mbili. Muuza magazeti kaniambia nimependeza. Mama wa duka la vyombo kaniuliza kama ninaumwa. Wote wawili walikuwa wanamtazama mtu mmoja.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Yai, nyama.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Yai, samaki. Nimewasha redio ili kuwe na mtu wa kubishana naye.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeangusha jiwe.

Nilikuwa kwenye ghala la nafaka, kupima ile mizani kubwa ya sakafuni. Kazi yenyewe ni kupanga mawe ya kilo ishirini, moja moja, na kusoma. Miaka yote hii nimeyainua kama vikombe vya chai. Leo la tatu lilifunguka mkononi. Mkono haukuteleza, ulikuwa mkavu. Uliachia tu, kama mlinzi aliyesinzia. Jiwe likapita nusu shubiri kutoka kwenye vidole vyangu vya mguu na kuchimba sakafu.

 Mpakiaji mmoja akaja kuniinulia mawe yaliyobaki. "Pumzika, mzee," akasema.

Nyumbani nimejaribu kusimama kutoka kitini bila kushika meza. Mara nne, nikaishiwa. Ngazi tatu za mlangoni kwangu nazipanda kwa kujivuta kwa mkono.

Nimekaa na daftari. Uzito unashuka vizuri, karibu kilo moja na robo kwa wiki. Chakula sijakosea hata sehemu ya kumi ya gramu. Kwa hiyo kosa haliko kwangu. Liko kwenye nyama.

Jumamosi, 12 Aprili

Hii ya leo niiandike yote, hata inayonikata.

Mwenye bucha mtaani kwetu tunamwita Shoka. Miaka minane iliyopita niliikagua mizani yake nikakuta inapunja gramu arobaini kwa kila kilo. Nikaibandika karatasi nyekundu mbele ya wateja. Watu walimwita mwizi mwaka mzima. Tangu siku ile hanisalimii, ananiuzia tu. Anakata, anafunga, anasukuma.

Basi asubuhi nikawaza: huyu ananilipizia. Ananipa nyama ya maji, au amerudia mchezo wake. Nikachukua sanduku la mawe ya shaba nikaenda. Kulikuwa na wateja watano. Nikaweka jiwe la nusu kilo kwenye mizani yake. Nusu kilo. Robo kilo: robo. Gramu hamsini: hamsini. Nikayapanga yote, nikayapanga tena. Mizani ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Fundi leo kaja kutafuta mchawi."

Shoka alikuwa amejifuta mikono na kusubiri. Hakukasirika.

"Umemaliza, Fundi?"

Nikasema nimemaliza.

"Sasa nikuulize na mimi. Kila wiki unachukua nusu kilo, na mkeo hayupo. Nilidhani unafuga paka."

Wateja wakacheka. Nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya heshima, kwamba nakula kwa maagizo ya hospitali, gramu mia na kumi na tano kwa siku, imeandikwa.

"Mia na kumi na tano za nini?"

"Za protini."

 Akasema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa:

"Fundi, mimi siuzi protini. Nauza nyama."

Nilifungasha mawe yangu. Nilikuwa nimefika kwenye duka la vyombo niliposimama katikati ya mvua, sanduku mkononi, na kuelewa.

Jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii, kabla hata ya kushika bisibisi, ni hili: usipime gunia ukaliita mchele. Toa uzito wa gunia kwanza. Kwa neno hilo nimewagombeza wenye maduka wazima, watu wenye mvi. Nyama ni gunia. Ndani yake mna maji, mna mafuta, na protini ni hicho kidogo kilichomo. Wiki sita nimepima gunia kwa mizani ya sonara, hadi sehemu ya kumi ya gramu, na kuandika jumla kwa wino.

Jumatatu, 14 Aprili

101.5. Binti wa lishe amenipa kifaa cha kubana: 26. Alipouliza ninakula nini, nikamfungulia daftari. Alisoma ukurasa mzima kwa kidole. Hakucheka, ningependa angecheka.

Yai moja lina gramu sita, akasema. Nyama iliyopikwa, gramu 65, ina kama kumi na saba. Nikajumlisha kabla hajamaliza: ishirini na tatu. Sehemu ya tano ya nilichoandikiwa, kamili, bila baki.

"Kosa langu pia, baba," akasema. "Nilikuuliza kama una swali. Ningekuuliza utakula nini."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, na ugomvi wangu ukabaki mkononi. Nimerudi nao nyumbani sijui nimpe nani.

Jumanne, 15 Aprili

Hesabu iko hivi. Nikiendelea na ishirini na tatu, kwa mwendo huu nitakuwa chini ya 96 kabla ya katikati ya Mei, bila wasiwasi. Nitalala kitandani mwa daktari nikiwa mwepesi, na goti jipya litafungwa kwenye mguu usioweza kulisimamisha. Binti wa lishe ameniambia waziwazi: goti wanaweka wao, kutembea ni misuli yangu. Nikipanda hadi mia na kumi na tano nitapungua polepole, pengine nusu kilo kwa wiki, pengine zaidi. Zimebaki wiki nane pungufu siku moja. Kilo nilizobakiza ni tano na nusu, au nne kwa mizani yao mbovu.

Kwa mizani yao mbovu nitafika. Kwa mara ya kwanza maishani nimeshukuru springi iliyochoka.

Mia na kumi na tano, basi. Ya kweli, iliyotolewa gunia. Nimeipanga: mayai matatu, 18. Nyama au samaki waliopikwa, gramu 200, wastani 50. Maharage yaliyoiva, gramu 300, 25. Maziwa glasi mbili, 16. Jumla 109. Karanga kiganja kidogo, 6. Inatosha. Wali umebaki vijiko viwili na mafuta ni ya kupaka sufuria tu.

Sasa tatizo ni jingine. Chakula hiki ni cha meza yenye watu. Kukila peke yako ni kazi ya kibarua.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda bucha kuomba radhi. Nilikuwa na maneno manne tayari. Shoka hakuyasubiri, akauliza leo kiasi gani. Nikasema kilo moja na nusu, ya wiki, isiyo na mafuta. "Paka amezaa?" akauliza.

Halafu akaniambia kwamba nyuma ya bucha ana benchi na jiko, anakula saa saba, na tangu watoto wake wahame anapika kingi halafu anakitazama. Niende na maharage yangu. Na mizani yangu pia, kama siwezi kuachana nayo.

Jumanne, 22 Aprili

Nilikwenda. Nilipima kwenye sahani yake, akatazama. Samaki, 210. Akakata kipande, akakirudisha: 200. Jicho lake ni mizani.

 Wakati wa kuosha mikono akasema, akinipa mgongo, kwamba ile springi ya miaka minane iliyopita ilichoka yenyewe. Hakujua. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. "Uliniuliza?" akasema.

Nimeandika mizani elfu na zaidi katika madaftari yangu. Safu ya gramu ipo. Safu ya "mwenyewe anasemaje" haipo.

Jumatatu, 28 Aprili

100.6. Mvua. Mara sita kutoka kitini.

Alhamisi, 1 Mei

Simu. Mtoto amecheka. Mke wangu akasema, "Ungemwona." Nilitaka kumwambia nilifika ngazi ya kumi na saba. Nikasema kazi zimenibana. Akasema binti ameshaacha kuuliza Baba anakuja lini.

Wanaweza kuteremka, nimewaza baada ya kukata. Miguu wanayo. Lakini sikuomba, na kwa haki ya hesabu, asiyeomba hawezi kudai amenyimwa.

Jumanne, 13 Mei

Mtunza stoo wa hospitali amenipigia. Wanakaguliwa mwezi ujao, mizani zote zipimwe. Mjini fundi mwenye cheti ni mmoja.

Zilikuwa kumi na moja. Ile ya chumba cha lishe niliiacha ya mwisho. Nikaweka mawe, jiwe juu ya jiwe, kilo mia. Ikasoma 98.5. Kilo moja na nusu, kama nilivyosikia kwa mguu mwezi wa tatu.

Nilikaa sakafuni, goti limenyooka. Chumbani hamkuwa na mtu. Ningeweza kuandika: springi haipo, imeagizwa, itafungwa katikati ya Juni. Springi nilikuwa nayo mfukoni, ikinichoma paja kama funguo. Hakuna ambaye angejua. Ningepasuliwa Juni, Agosti niko ghorofa ya nne.

Nikamkumbuka Shoka na karatasi yangu nyekundu. Gramu arobaini tu, na hata haikuwa yeye.

Ilinichukua dakika ishirini. Nikapanga mawe tena: 100.0. Nikabandika kikaratasi cha kijani cha uthibitisho, tarehe na saini yangu, pale juu ambapo mtu akipanda kinamtazama usoni.

Kwa mizani yangu asubuhi nilikuwa 99.0. Sasa na kwao ni 99.0. Zimebaki kilo tatu, wiki nne pungufu siku moja.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia Shoka. Alitafuna hadi mwisho. "Punguza wali basi," akasema. Nikamwambia wali ni vijiko viwili. "Basi punguza kulalamika, labda kuna kilo mle."

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. 98.3. Nilishawishika kurudi kwenye yai moja. Nikaenda hadi kwenye kabati, nikarudi. Mayai matatu.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imepungua. 97.5. Ghala la nafaka: mawe yote kumi, mwenyewe. Yule mpakiaji alikuja karibu, mikono tayari. Hakuhitajika, lakini alisimama hadi la mwisho.

Jumapili, 8 Juni

Kesho. Nilijinyima maji tangu saa nane mchana, kisha nikajiona mpumbavu, nikanywa glasi mbili. Maji ni gunia.

Jumatatu, 9 Juni

96.9.

Nilisoma kabla ya binti wa lishe kusoma. Saini yangu ilikuwa inanitazama. Akaniambia nishuke nipande tena. 96.9. Akainama kukisoma kikaratasi cha kijani, tarehe na jina. Akafungua faili langu, akarudi kwenye kikaratasi. Anajua hesabu huyu binti.

"Baba, wewe ndiye uliyeirekebisha?"

Nikasema ilikuwa na kosa la kilo moja na nusu.

"Ungeiacha ungekuwa 95.4."

"Ningekuwa 96.9," nikasema. "Ingesema tu 95.4."

Kubana mkono: 37. Kitini, mara kumi. Alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kwa daktari, akanitetea kuliko ndugu zangu walivyowahi. Daktari alisikiliza vizuri. Akasema misuli ni mizuri sana, na kwamba tisini na sita ni tisini na sita. Akinifungulia mimi kwa gramu mia tisa, kesho atamfungulia nani? Jina litarudi mwisho. Mtu akijitoa, nitaitwa mimi kwanza.

Sikubishana. Ndivyo ningemjibu mimi.

Nilitoka nje. Hapakuwa na mvua. Nilisimama pale mlangoni nikitafuta wa kumkasirikia, na kwa mara ya kwanza nikakosa. Kisha nikapita nyumbani, nikachukua shuka juu ya kabati, nikaenda kwenye lile jengo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini waliotunga hiyo hawakuwahi kutaka kilicho ghorofa ya nne. Nilipanda kwa mguu wa kushoto, wa kulia nikauvuta. Kumi na saba. Ile ndoo bado ipo, sikukaa. Thelathini na nne. Mapaja yalikubali, goti ndilo lililokataa, na lilikataa kwenye ngazi ya arobaini na moja. Nikakaa hapohapo, katikati, si ghorofa ya pili wala ya tatu, nikatoa simu.

Mke wangu akasema hallo. Nyuma yake mtoto alikuwa anaguna.

Nikasema, "Niko kwenye ngazi zenu. Siwezi kupanda zaidi. Naomba mteremke."

 Nikasikia mlango juu, kisha kandambili zake. Ngazi ishirini na saba; nilizihesabu kwa masikio. Binti alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni. Mke wangu alisimama ngazi mbili juu yangu akinitazama kola ilivyopwaya shingoni.

"Mzee. Mbona umebaki hivi? Nani anakupikia?"

"Mwenye bucha," nikasema.

"Yule wa karatasi nyekundu?"

"Huyohuyo."

Akakaa kando yangu, kwa uzito wote, akasema kwamba wiki zote hizi alidhani nimewakasirikia. Nikamwambia ni kweli, niliwakasirikia, lakini goti ndilo lililonizuia. Kisha nikamweleza yote, kuanzia ile ndoo. Alisikiliza akiwa amelishika shuka. Hakusema anarudi lini, na sikuuliza. Akanipa mtoto.

Kumbe ndiye huyu aliyeninyang'anya mke. Nilimweka kwenye viganja, nikanyoosha mikono kama ninavyofanya na kitu kigeni kabla ya kukiweka kwenye mizani.

"Kilo sita na gramu mia tatu."

"Jana kliniki walisema sita na mia mbili," binti akasema.

"Ameshanyonya leo?"

"Sasa hivi tu, Baba."

"Basi hiyo mia ni maziwa."

Wakacheka wote wawili, na sauti ikapanda hadi juu kabisa. Mke wangu akanyoosha mikono kumchukua, akisema nitachoka. Nikamwambia angoje kwanza. Mikono ilikuwa bado inaweza.